Mazoezi ya traiathloni: Pa kukimbia, pa kuendesha baiskeli na pa kuogelea kwa mgeni wa Ntimaru

MTUMISHI wa umma anapopokea barua ya uhamisho kwenda Ntimaru, Kuria Mashariki, katika Kaunti ya Migori, maswali yake ya kwanza huwa ni yale ya kila mgeni: nyumba ya kukodisha, shule ya watoto na nauli ya matatu. Kwa mwanamichezo wa traiathloni, mchezo unaounganisha kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia bila mapumziko, huongezeka swali jingine lisilo na jibu jepesi. Mazoezi atayafanyia wapi, na nani atakayeandamana naye?

Jibu ni kwamba kaunti za Migori na Homa Bay zinavyo vyote vitatu, ila havikai mahali pamoja. Vilima vya Kuria ni vya mkimbiaji. Barabara za lami zinazopita Migori, Awendo na Rongo ni za mwendesha baiskeli. Maji mapana yako Ziwa Victoria, upande wa Nyatike, Karungu, Homa Bay na Mbita, mbali na Ntimaru. Anayefika akitarajia kupata vyote katika mtaa mmoja, kama ilivyo katika baadhi ya miji mikubwa, atavunjika moyo katika wiki ya kwanza. Anayeipanga wiki yake kwa kufuata ramani ya eneo atafanya mazoezi kamili mwaka mzima.

Makala haya yanaeleza mahali pa kuanzia, hatari za kuepuka na jinsi ya kuwapata wenzake, kwa kuwa mgeni anayejifungia peke yake katika mchezo huu hujiweka hatarini, hasa majini.

Mchezo wenyewe

Traiathloni ya kisasa ilianza San Diego, Marekani, mnamo Septemba 1974. Mwaka wa 1978 yakafuata mashindano ya Ironman katika visiwa vya Hawaii, ambapo mshindani huogelea kilomita 3.8, akaendesha baiskeli kilomita 180 na kumalizia kwa mbio za masafa marefu za kilomita 42.2. Shirikisho la kimataifa la mchezo huo liliundwa Avignon, Ufaransa, mwaka wa 1989. Mchezo uliingia katika Olimpiki kwa mara ya kwanza Sydney mwaka wa 2000.

Masafa ya Olimpiki ni kuogelea kilomita 1.5, baiskeli kilomita 40 na mbio kilomita 10. Yapo pia masafa mafupi yenye nusu ya umbali huo: mita 750 majini, kilomita 20 kwa baiskeli na kilomita 5 kwa miguu. Kwa anayeanza, haya ya pili ndiyo kipimo kinachofaa. Mtu mwenye afya anayekimbia mara mbili au tatu kwa wiki anaweza kuyalenga baada ya miezi kadhaa ya mazoezi ya mfululizo, mradi awe ameshajua kuogelea.

Sharti hilo la mwisho ndilo gumu. Wakenya wengi hukimbia tangu utotoni, na wengi wamewahi kupanda baiskeli. Kuogelea ni jambo jingine. Shule nyingi za umma hazina vidimbwi, na mtoto aliyelelewa mbali na ziwa au bahari anaweza kumaliza elimu yake yote bila kufundishwa namna ya kuelea. Kwa mujibu wa ripoti ya Shirika la Afya Duniani (WHO) iliyotolewa Desemba 2024, watu wapatao 300,000 walikufa maji kote ulimwenguni mwaka wa 2021, wengi wao wakiwa watoto na vijana. Hivyo basi, sehemu ya maji katika makala haya imepewa nafasi kubwa kuliko nyingine.

Mbio: Kaskazini, kusini na vilimani

Kwa mkimbiaji, Ntimaru ni bahati. Nyanda za Kuria ziko juu ya usawa wa Ziwa Victoria kwa mamia ya mita, na ziwa lenyewe liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya asubuhi ni baridi, na barabara za udongo na changarawe hupanda na kushuka kati ya mashamba ya mahindi na tumbaku. Vilima hivyo hujenga mapaja na mapafu bila mtu kuhitaji mashine yoyote.

Kanda ya Nyanza Kusini ina historia inayoheshimika katika riadha. Nyandika Maiyoro, mzaliwa wa Gusii, alikuwa miongoni mwa wanariadha wa kwanza wa Kenya kushiriki Olimpiki, Melbourne mwaka wa 1956, na akamaliza wa saba katika mbio za mita 5,000. Naftali Temu, wa kutoka eneo hilo hilo, aliiletea Kenya dhahabu yake ya kwanza kabisa ya Olimpiki aliposhinda mita 10,000 jijini Mexico mwaka wa 1968. Katika miaka ya karibuni Mary Moraa, pia wa Kisii, alitwaa ubingwa wa Jumuiya ya Madola katika mita 800 mwaka wa 2022 na ubingwa wa dunia mwaka wa 2023. Mkimbiaji anayehamia Kuria, kwa hiyo, anahamia jirani na ardhi iliyozoea mabingwa.

Mahali pa kwanza pa kutafuta ni viwanja vya shule. Viwanja vingi vya Kenya vijijini ni vya nyasi na udongo, wala havina alama za kudumu. Ili kupima, mkimbiaji anaweza kutumia kamba ya mita 50 na vijiti, akaweka alama za mzunguko wa mita 300 au 400. Ruhusa ya mwalimu mkuu ni lazima. Mara nyingi hupatikana kwa urahisi iwapo mgeni ataahidi kuondoka kabla ya kengele ya asubuhi na kujitolea kuwasaidia wanafunzi wakati wa mashindano ya riadha.

Majira huamua njia. Mvua za masika, kuanzia Machi hadi Mei, hugeuza barabara za udongo kuwa utelezi. Mvua za vuli hurejesha hali hiyo kuanzia Septemba hivi hadi Novemba. Katika miezi hiyo ni afadhali kukimbilia kwenye changarawe au pembezoni mwa lami, na kupunguza mwendo kwenye miteremko.

Lipo pia suala la usalama ambalo mgeni hapaswi kulipuuza. Mpaka wa Kuria Mashariki na Transmara umeshuhudia migogoro ya ardhi na wizi wa mifugo kwa miaka mingi, na kwa upande mwingine uko mpaka wa Tanzania. Mwishoni mwa miaka ya 1990, Wakuria wa Kenya walianzisha ulinzi wa jamii wa sungusungu chini ya baraza lao la jadi, iritongo, ili kukabiliana na wezi wa ng'ombe. Katika eneo lenye historia ya namna hiyo, mtu asiyejulikana anayekimbia gizani huzua maswali. Hatua ya busara ni kujitambulisha kwa chifu au naibu wake na kwa wazee wa mtaa katika siku za mwanzo, kueleza njia atakazotumia, kisha kukimbia baada ya kupambazuka. Siku ambayo wenyeji wanasema kwamba njia fulani si shwari, njia hiyo huachwa bila mjadala.

Hali kadhalika, njia za panya zinazovuka mpaka si njia za mazoezi. Anayetaka kukimbia au kuendesha baiskeli upande wa Tarime apitie kituo cha mpakani cha Isebania na Sirare akiwa na stakabadhi zake za usafiri.

Baiskeli: Lami na malori

Baiskeli si kitu kigeni Nyanza. Kabla ya pikipiki kutawala, boda boda za magharibi mwa Kenya zilikuwa za baiskeli, na mafundi waliobaki sokoni bado wanajua kunyoosha ukingo wa gurudumu, kuziba tyubu na kukaza breki kwa bei nafuu. Wasichokuwa nacho kwa kawaida ni vipuri vya baiskeli nyepesi za mashindano. Mgeni mwenye baiskeli ya aina hiyo aje na tyubu za ziada, tairi mbili, cheni na nyaya za breki, la sivyo atasubiri vipuri kutoka Kisumu au Nairobi.

Kwa anayeanza, baiskeli ya mlimani yenye tairi pana inatosha. Inastahimili changarawe za Kuria, na ikifungwa tairi nyembamba kidogo inaweza kutumika kwenye lami. Baiskeli nyeusi ya kubebea mizigo nayo hujenga nguvu, ijapokuwa haina gia na mlima wa kwanza humfunza mwenyewe unyenyekevu.

Barabara kuu ya eneo hili ni A1, inayotoka Isebania kwenye mpaka wa Tanzania kupitia Migori, Awendo na Rongo hadi Kisii. Mwendo wa kwenda na kurudi kati ya Isebania na Migori hukaribia umbali wa baiskeli wa Olimpiki. Hata hivyo, barabara hiyo ni njia ya malori ya mizigo kati ya Kenya na Tanzania, mabasi ya masafa marefu na matatu zenye haraka. Wakati bora ni asubuhi ya Jumapili mara tu baada ya jua kuchomoza. Siku ya soko ni siku ya kuiepuka kabisa.

Barabara ya Rongo hadi Homa Bay, na ile ya kutoka Homa Bay hadi Mbita, ni za lami na zina mandhari ya kuvutia zaidi. Kutoka Mbita daraja humvusha mwendeshaji hadi kisiwa cha Rusinga, alikozikwa Tom Mboya, ambako ipo barabara ya kukizunguka kisiwa. Hiyo ni safari ya mwisho wa wiki, wala si ya jioni baada ya kazi.

Kanuni za barabarani ni chache na hazina mzaha. Mwendeshaji hukaa upande wa kushoto, huvaa kofia ya usalama yenye kamba iliyofungwa kidevuni na fulana ya rangi inayong'aa, wala hazibi masikio kwa muziki. Katika kundi, waendeshaji hufuatana kwa mstari mmoja lori linaposikika nyuma. Matuta ya barabarani karibu na vituo vya biashara mara nyingi hayana alama, kwa hiyo mteremko wa kuingia mjini huchukuliwa kwa mikono iliyo tayari kwenye breki.

Hatari ya barabara iliwahuzunisha hata mabingwa. Mkenya Suleiman Kangangi, aliyekuwa nguzo ya timu ya Amani, alifariki Agosti 2022 baada ya kuanguka katika mashindano ya barabara za changarawe huko Vermont, Marekani. Iwapo mtu wa ujuzi wake aliweza kuanguka, anayeanza hana sababu ya kushindana na matatu mteremkoni.

Maji: Usiyoyafika hujui wingi wake

Wahenga walisema kwamba maji usiyoyafika hujui wingi wake. Katika traiathloni, methali hii ni kanuni ya usalama.

Mgeni wa Ntimaru ana njia tatu za kupata mazoezi ya kuogelea. Ya kwanza ni kidimbwi. Katika miji mikubwa ya kanda, ukiwemo mji wa Kisumu, zipo hoteli zinazowaruhusu wasiolala hapo kutumia vidimbwi vyao kwa ada. Kabla ya kulipa, mgeni aulize mambo manne: urefu wa kidimbwi, kina chake, kama kuna mwokoaji wakati wote, na saa ambazo hakuna watoto wengi. Kidimbwi cha mita 25 humhitaji mwogeleaji kukivuka mara 60 ili kufikisha mita 1,500. Cha mita 15 humhitaji mara 100, jambo linalochosha akili lakini linawezekana. Safari mbili kwa mwezi zenye kipindi cha asubuhi na kingine cha jioni zina faida kuliko kutokwenda kabisa.

Njia ya pili ni mazoezi ya nchi kavu. Tyubu kuukuu ya baiskeli ikikatwa na kufungwa kwenye mti au nguzo imara huwa kamba ya mpira ya kuvutia. Mwogeleaji huinama kiunoni, akavuta mkono mmoja baada ya mwingine kama aliye majini, kiwiko kikiwa juu na kiganja kikielekea nyuma. Dakika 15 mara tatu kwa wiki hulinda nguvu za mabega hadi siku ya kidimbwi. Mazoezi haya hayamfundishi mtu kuogelea. Humsaidia tu anayejua tayari asirudi nyuma.

Njia ya tatu ni ziwa, na hapa ndipo pa kutua na kufikiri.

Ziwa Victoria lina mamba na viboko, hasa karibu na midomo ya mito, kwenye matete na katika ghuba tulivu. Lina upepo unaobadilika: asubuhi maji mara nyingi huwa shwari, na kuanzia mchana upepo wa kutoka ziwani huinua mawimbi yanayoweza kumchosha mwogeleaji mzuri. Ngurumo na dhoruba za ghafla huzamisha hata mitumbwi ya wavuvi wazoefu. Katika Ghuba ya Winam, gugu-maji huelea kwa makundi na kuziba ufuo kwa saa chache tu, likimfungia mwogeleaji njia ya kurudi.

Aidha kuna kichocho. Ugonjwa huu huenezwa na vimelea wanaotoka kwenye konokono wadogo wa majini na kupenya ngozi ya mtu aliye majini. Konokono hao hupenda maji ya kina kifupi yaliyotulia na yenye majani, yaani pale pale ambapo anayeanza hujisikia salama. Vimelea hutoka kwa wingi zaidi jua linapokuwa kali, kuanzia asubuhi ya kati hadi alasiri ya mapema. Katika ziwa hili, aina iliyoenea zaidi hushambulia utumbo na ini.

Kujifuta kwa taulo haraka baada ya kutoka majini hakutoshi kumkinga mtu. Kinachosaidia ni kuingilia mahali pasipo majani, kwa mashua ikiwezekana, kuogelea kwenye maji ya kina mbali na ufuo wenye matete, na kupima. Vipimo huonyesha ukweli baada ya wiki sita hadi nane tangu mtu aingie majini, kwa kuwa mapema zaidi minyoo huwa bado michanga. Dawa ya prazikuanteli hutibu, lakini haiwaui ipasavyo minyoo wachanga, kwa hivyo kuimeza usiku ule ule wa kuogelea si kinga. Mwanamichezo anayeogelea ziwani mara kwa mara afanye mazoea ya kupimwa katika kituo cha afya walau mara moja au mbili kwa mwaka.

Ubora wa maji si tatizo la Nyanza pekee. Katika Olimpiki za Paris mwaka wa 2024, mashindano ya wanaume ya traiathloni yaliahirishwa kwa siku moja kwa sababu maji ya mto Seine yalikuwa na bakteria kupita kiwango baada ya mvua kubwa. Ikiwa jiji tajiri kama Paris lililazimika kusubiri, mwogeleaji wa Homa Bay naye ana haki ya kutoingia majini siku mbili tatu baada ya mvua kubwa kusomba uchafu wa mji.

Mito, mabwawa ya kunyweshea mifugo na mashimo ya machimbo ya dhahabu si mbadala. Kaunti ya Migori ina wachimbaji wadogo wa dhahabu, na baadhi yao hutumia zebaki kusafishia madini. Mashimo yaliyojaa maji yana kingo zinazoporomoka, kina kisichojulikana na sumu isiyoonekana.

Basi nani wa kuulizwa? Katika kila gati la wavuvi upande wa Kenya kuna Kamati ya Usimamizi wa Ufuo, ijulikanayo kwa kifupi BMU, ambayo husimamia uvuvi na shughuli za pwani ya ziwa. Maafisa wake wanajua mamba alionekana wapi mwezi huu, nyavu zimetegwa wapi, na saa gani upepo hugeuka. Mgeni apige hodi kwao kwanza, awaeleze nia yake, kisha amkodi mvuvi mwenye mashua atakayeandamana naye. Ndani ya mashua ziwemo jaketi mbili za kuokoa maisha na kamba. Mwogeleaji avae kofia ya rangi kali, na afunge kiunoni kwa kamba fupi kitu kinachoelea, hata kama ni mtungi mtupu wa plastiki wa lita tano uliofungwa kifuniko barabara. Mtungi huo humwonyesha kwa wenye mashua, na akichoka humpa cha kushika.

Mtu asiyejua kuogelea asiingie ziwani kujifunza. Ajifunze kwanza kidimbwini, katika maji yanayomfika kifuani, mbele ya mkufunzi. Hatua zake ni kupumulia ndani ya maji, kuelea chali, kuteleza, kupiga miguu, na mwisho kuunganisha mikono na pumzi. Kipimo cha kuwa tayari kwa ziwa ni kuweza kuogelea mita 400 bila kusimama, kisha kuelea chali dakika tano bila hofu.

Kuwapata wenzake

Kidole kimoja hakivunji chawa. Hata hivyo, anayetafuta klabu ya traiathloni yenye ofisi na bango Kuria atazunguka bure. Njia yenye tija ni kutafuta makundi matatu tofauti, kisha kuyaunganisha.

Wakimbiaji hupatikana alfajiri. Katika sehemu nyingi za Kenya, vijana wanaojiandaa kwa usajili wa jeshi, polisi na magereza hufanya mazoezi kwa makundi, kwani mbio ni sehemu ya mtihani wa kuajiriwa. Walimu wa michezo huwajua vijana hao kwa majina. Shirikisho la Riadha la Kenya (AK) lina tawi la Nyanza Kusini, na mashindano yake ya mbio za nyika na ya uwanjani ni mahali pazuri pa kukutana na makocha. Mgeni aende kama mtazamaji mara ya kwanza, asalimie, na aombe kujiunga na mbio za polepole. Kundi la wakimbiaji humpima mgeni kwa kuhudhuria kwake kuliko kwa kasi yake.

Waendesha baiskeli hupatikana kwa fundi. Kila mwenye baiskeli nzuri katika mji mdogo hufika kwa fundi yule yule, na fundi huyo ndiye daftari la klabu ambayo bado haijaundwa. Akiachiwa namba ya simu na siku ya kuondoka, ndani ya mwezi mmoja watu watatu au wanne watajitokeza.

Waogeleaji hupatikana kwa waokoaji wa vidimbwi na kwa wavuvi. Miongoni mwa vijana wa fuoni wapo waogeleaji hodari waliojifunza bila mkufunzi. Wengi hawajawahi kuusikia mchezo wa traiathloni. Kijana wa Karungu anayeogelea vizuri na kijana wa Ntimaru anayekimbia vizuri wanaishi katika kaunti moja, na wanaweza kumaliza shule bila kukutana. Mgeni mwenye kamba, saa na subira ndiye anayeweza kuwakutanisha, hata kama ni kwa mbio za kupokezana ambapo mmoja huogelea, wa pili huendesha baiskeli na wa tatu hukimbia.

Kwa wanawake, kundi ni suala la usalama zaidi ya la kushindana. Walimu na wauguzi wa kike waliohamishwa mara nyingi huishi karibu na vituo vyao vya kazi, na wawili au watatu wakikubaliana saa moja ya kukimbia, maneno ya watu hupungua. Mtu wa nyumbani aambiwe njia na saa ya kurudi kabla ya kila safari.

Kundi likishafikisha watu kumi, ni vyema likaandikishwa rasmi kama kikundi cha kijamii, lifungue akaunti na kuweka michango midogo ya nauli ya kidimbwini, ada ya mwokoaji na kofia za usalama. Mtindo wa chama unajulikana na kila Mkenya, na hapa unafaa pia.

Ratiba ya wiki

Mfano ufuatao unamfaa mfanyakazi mwenye saa sita hivi za mazoezi kwa wiki.

Jumatatu: Mapumziko, au kamba ya mpira dakika 15.

Jumanne: Mbio za vilimani dakika 40. Kupanda kwa nguvu mara sita, kushuka kwa kutembea.

Jumatano: Baiskeli jioni saa moja kwenye changarawe, kisha kamba ya mpira.

Alhamisi: Mbio nyepesi dakika 40 na kundi.

Ijumaa: Mapumziko na ukaguzi wa baiskeli: tairi, breki, cheni.

Jumamosi: Safari ya kidimbwini au ziwani, kuogelea kwa vipindi viwili.

Jumapili: Baiskeli saa moja na nusu hadi mbili asubuhi mapema, na mara tu baada ya kushuka, mbio za dakika 15.

Zoezi hilo la mwisho, la kutoka kwenye baiskeli na kukimbia papo hapo, ndilo linalotofautisha traiathloni na michezo mingine. Miguu huwa mizito kama iliyofungwa mawe katika kilomita ya kwanza. Mwili huzoea hali hiyo kwa kurudia tu. Umbali wa wiki uongezwe kidogo kidogo, na kila wiki ya nne upunguzwe ili mwili upumue.

Penye mashindano na mafunzo

Baada ya msimu mmoja wa maandalizi, mwanamichezo anaweza kutaka kujipima. Kenya ilikuwa na washiriki katika traiathloni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Birmingham mwaka wa 2022, na shirikisho la kitaifa la mchezo huo ndilo la kuulizwa kuhusu kalenda ya mashindano ya nyumbani. Nchini Rwanda, mji wa Rubavu ulioko kando ya Ziwa Kivu ulianza kuandaa Ironman ya nusu masafa mnamo Agosti 2022: kuogelea kilomita 1.9, baiskeli kilomita 90 na mbio kilomita 21.1.

Anayetaka kambi ya mazoezi anaweza kwenda Iten, Elgeyo Marakwet, takriban mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Kituo cha mazoezi kilichoanzishwa huko na bingwa wa mbio Lornah Kiplagat kina kidimbwi cha mita 25, na mbio za makundi za kila Alhamisi huwapokea wageni. Likizo ya wiki moja huko humpa mtu wa Ntimaru kile ambacho eneo lake halina, yaani maji ya kuogelea kila siku.

Siku zote zilizobaki za mwaka, vilima vya Kuria humtosha kwa mbio na fundi wa sokoni humtosha kwa baiskeli. Kwa maji atahitaji nauli, mwokoaji au mashua, na mtu wa kumtazama. Siku ambayo mojawapo ya hayo halipo, zoezi la kuogelea hubadilishwa likawa la kukimbia.